Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: kibali cha kuandamana kilifutwa mwaka 1997

Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi.
Nakala: Waziri wa Usalama wa Ndani, Mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC).

Afande,

Tarehe 10 Agosti 2027 Wakenya watapiga kura tena. Kabla ya siku hiyo watu watajitokeza barabarani kudai marekebisho ya uchaguzi. Kuliona hilo hakuhitaji mganga. Watakuwepo wa kutaka sajili ya wapiga kura ikaguliwe, wa kuulizia mitambo ya kupeperusha matokeo, na wa kuulizia mipaka ya maeneo bunge, ambayo muda uliowekwa na Katiba wa kuipitia ulipita Machi 2024 nchi ikiwa haina hata kamishna mmoja wa uchaguzi. Ninakuandikia mapema, kabla karandinga hazijapangwa Nairobi, Kisumu na Mombasa, kwa sababu kuna jambo ambalo sijawahi kusikia afisa yeyote wa polisi akilitaja mbele ya wanahabari. Maandamano mnayoyatawanya ndiyo yaliyoujenga uchaguzi mnaopewa kazi ya kuulinda.

Mimi ni mwalimu. Uchaguzi unapowadia, IEBC huwaajiri watu kama mimi kwa siku chache kusimamia vituo vya kupigia kura. Kazi yetu huishia kwenye Fomu 34A: kura zinahesabiwa mbele ya mawakala, zinajazwa, mawakala wanatia sahihi, nakala moja inabandikwa mlangoni na picha yake inatumwa kwa mtambo hadi kituo cha taifa. Mwaka 2022 picha hizo kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kukaa kitandani akijumlisha kura za urais mwenyewe. Vyombo vya habari vilifanya hivyo, vijana vyuoni walifanya hivyo, na hata wazee waliokuwa hawaamini tarakilishi waliwatuma wajukuu wao wafanye hivyo.

Afande, unajua tovuti ile ilitoka wapi?

Ilitoka barabarani. Aprili 2016 muungano wa CORD, ukiongozwa na Raila Odinga, sasa marehemu, ulianza kuandamana kila Jumatatu hadi Anniversary Towers, zilipokuwa ofisi za IEBC, kutaka makamishna waondoke. Sababu zilikuwepo. Mwaka 2013 mitambo ya kuwatambua wapiga kura na kupeperusha matokeo ilizimika karibu kote nchini. Kisha Desemba 2014 mahakama moja ya London iliipata kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman na hatia ya kuwahonga maafisa wa uchaguzi wa Kenya ili ipate zabuni za kuchapisha karatasi za kura. Hongo hizo ziliitwa “kuku” katika mawasiliano yao. Waliotoa kuku Uingereza walihukumiwa, na Uingereza ikarudisha sehemu ya fedha, zikanunuliwa ambulensi. Hapa kwetu, wakati watu wanaandamana, hakuna mla kuku aliyekuwa amefungwa.

Jibu la polisi mnalikumbuka, maana dunia nzima ililitazama. Tarehe 16 Mei 2016 afisa aliyevaa mavazi kamili ya kukabili ghasia alinaswa kwenye video akimkanyaga kwa buti mtu aliyelala chini katikati mwa Nairobi, hata baada ya mtu huyo kuacha kusogea. Huko Kisumu, Siaya na Homa Bay, shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi Mei na Juni, na wengine wengi wakajeruhiwa. Serikali ya Jubilee ilirudia wiki baada ya wiki kwamba makamishna hawaondolewi kwa mawe, na kwamba atakayewataka watoke afuate sheria Bungeni.

Kisha serikali na upinzani wakaketi. Iliundwa kamati ya pamoja ya Bunge na Seneti chini ya Kiraitu Murungi na James Orengo, makamishna wakakubali kuondoka wakilipwa, na sheria ya uchaguzi ikarekebishwa mwaka huo huo. Ndipo tukapata kifungu kinachotaka matokeo ya urais yapeperushwe kielektroniki kutoka kituoni, na fomu zenyewe ziwekwe mahali umma unaweza kuziona. Kwa kifungu hicho, pamoja na mengine, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, kwa kuwa matokeo yalitangazwa kabla fomu zote hazijapokewa. Kwa sababu ya hukumu hiyo, mwaka 2022 tume haikuthubutu kuficha kitu. Na fomu hizo za wazi, zilipolinganishwa na nakala halisi na kukutwa zinawiana, zilichangia pakubwa ombi la kupinga ushindi wa William Ruto kutupwa Septemba 2022.

Kwa maneno mengine, mtu aliyefaidika zaidi na kazi ya waandamanaji wa 2016 ni Rais aliye Ikulu leo. Wakati huo alikuwa Naibu wa Rais katika serikali iliyowaita wahuni. Sisemi haya kwa kejeli. Nayasema kwa sababu polisi wetu huagizwa kana kwamba kila mwandamanaji ni adui wa aliye madarakani, na historia inaonyesha kwamba mwandamanaji hajui anamfanyia kazi nani.

Sasa nije kwenye sheria unayoitumia wewe mwenyewe.

Kila maandamano yanapotangazwa, msemaji wenu husema hayana kibali. Julai 2024 mlipiga marufuku maandamano katikati mwa Nairobi kwa hoja kwamba hayana viongozi wanaojulikana, hadi Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo. Ningependa uniambie kibali hicho kinatolewa na ofisi gani, kwa fomu ipi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma kinamtaka mwandalizi amwarifu mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla. Mkuu wa kituo akishapokea taarifa hiyo, sababu pekee anayopewa ya kumwambia mwandalizi achague siku au mahali pengine ni kwamba kuna kundi jingine lililotangulia kuarifu kuhusu saa ile ile na mahali pale pale. Ni kweli sheria inamruhusu kusitisha mkutano palipo na hatari ya wazi na ya karibu ya amani kuvunjika. Lakini hatari ya wazi haiwezi kuonekana Alhamisi kwa maandamano ya Jumanne ijayo.

Na kifungu hicho nacho kina damu ndani yake. Kabla ya 1997, mkutano wa hadhara bila leseni ulikuwa kosa, na leseni ilitolewa kwa hisani ya mkuu wa wilaya. Tarehe 7 Julai mwaka huo wanaharakati na vyama vya upinzani waliitisha mikutano nchini kote kudai mageuzi ya katiba na ya uchaguzi kabla ya kura ya Desemba. Polisi waliingia hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga watu waliokuwa kwenye ibada. Watu waliuawa siku hiyo katika miji mbalimbali. Miezi michache baadaye, Rais Moi, ambaye alikuwa amekataa katakata, aliruhusu mazungumzo ya wabunge wa pande zote, yale ya IPPG. Leseni ya mikutano ikafutwa, ikawekwa taarifa. Upinzani ukapewa nafasi ya kupendekeza makamishna 10 katika tume ya uchaguzi ya wakati huo.

Ndiyo maana nasema kibali kilifutwa mwaka 1997. Afisa anayekidai leo anajaribu kukifufua peke yake, bila Bunge. Na walio Bungeni nao hawajakaa bure: mwaka 2025 uliwasilishwa mswada wa kukataza maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo mengine yanayolindwa. Haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ikishawekewa mita 100 kutoka kwa mamlaka yenyewe, sijui mwananchi ataiwasilisha kwa kupiga kelele au kwa kutumia ndege wa posta.

Kuna funzo la pili la IPPG ambalo hutajwa mara chache, nalo linawahusu zaidi wanasiasa kuliko polisi. Makubaliano yale kuhusu makamishna yalikuwa ya kiungwana tu, hayakuandikwa kwenye sheria. Uchaguzi wa 2007 ulipokaribia, Rais Kibaki aliwateua makamishna bila kushauriana na upinzani. Tulifika Desemba 2007 na tume ambayo nusu ya nchi haikuiamini. Yaliyofuata yaliandikwa na Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi huo: watu 1,133 walikufa, na kati yao 405 waliuawa kwa risasi. Narudia, Afande: zaidi ya theluthi moja. Mishale na mapanga ndiyo tunayoyakumbuka, lakini katika nchi ambayo raia wa kawaida hana bunduki, risasi hizo nyingi zilitoka wapi? Kwa sababu ya hesabu hiyo tulibadilisha jina kutoka jeshi la polisi hadi huduma ya polisi, tukaandika sheria mpya mwaka 2011, na tukaunda IPOA ya kuwachunguza maafisa. Ofisi unayoikalia, yenye ulinzi wa Katiba dhidi ya waziri kukuambia umkamate nani au umwache nani, ilizaliwa na uchaguzi ulioharibika.

Miaka ya karibuni sitaipitia yote, maana unaijua kuliko mimi. Mwaka 2023 muungano wa upinzani wa Azimio uliandamana ukitaka seva za IEBC zifunguliwe na uteuzi wa makamishna wapya usifanywe na upande mmoja. Watu waliuawa kwa risasi, hasa Julai. Kisha, kama kawaida, pande mbili zikaketi katika ukumbi wa Bomas chini ya Kimani Ichung’wah na Kalonzo Musyoka, na sheria ya jopo la kuwateua makamishna ikabadilishwa kulingana na zilichokubaliana. Mara ya tatu. Kila mara polisi wanaua kwanza, wanasiasa wanasaini baadaye, na hakuna anayerudi kwa wazazi wa waliouawa kuwaambia kwamba mtoto wao alikuwa anadai kitu ambacho hatimaye serikali yenyewe ilikubali kuwa ni sawa. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Mwaka 2025 mambo yalizidi kuharibika kwa namna nyingine. Tarehe 17 Juni wanaume wenye rungu na mijeledi, juu ya bodaboda, waliwavamia waandamanaji Nairobi huku maafisa wa polisi wakiwa hatua chache tu. Siku hiyo hiyo mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu, mchana, mbele ya kamera. Tarehe 25 Juni vituo vya televisheni viliamriwa kuacha kupeperusha maandamano moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu ikaingilia. Tarehe 7 Julai barabara za kuingia Nairobi zilifungwa, na waliouawa nchini siku hiyo walipita 30 kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Wapo waandamanaji walioshtakiwa kwa ugaidi. Na tarehe 9 Julai Rais alisema hadharani kwamba mtu anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitali, kisha mahakamani.

Kwenye Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya Kitaifa hakuna mguu. Kuna kujaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Bunduki inakuja mwisho, njia nyingine zikishindwa, katika hali kama ya kuokoa maisha au kujikinga. Kuna wajibu wa kumpa majeruhi huduma ya matibabu na kuwaarifu jamaa zake. Kuna wajibu wa kuripoti kwa IPOA kila kifo na kila jeraha kubwa. Kuna agizo kwamba afisa mwenye sare avae jina lake au nambari yake ya huduma mahali inapoonekana. Na kuna maneno ambayo yangestahili kusomwa kwenye gwaride kila asubuhi: amri ya mkubwa si utetezi wa afisa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Konstebo kijana anayepokea neno la jukwaani kama amri atasimama kizimbani peke yake. Aliyelisema hatakuwepo.

Najua jibu lako. Utasema maduka yaliporwa, vituo vya polisi vilichomwa, maafisa wakajeruhiwa. Ni kweli. Mwenye duka wa Nairobi aliyeamka akakuta mtaji wake wote umebebwa hana deni na mtu yeyote, na aliyempora akamatwe, ashtakiwe, afungwe. Nakubali pia kwamba baadhi ya viongozi wa upinzani huja kwenye maandamano kwa magari yenye paa la kufunguka, wakapunga mkono, wakapigwa picha, na kitoa machozi cha kwanza kinapolia wao huwa wameshafika hotelini. Wanaobaki ni watoto wa wengine. Lakini mwizi wa televisheni na mtu aliyebeba bango la “fungueni seva” si mtu mmoja, na mafunzo ya chuo cha polisi cha Kiganjo ni ya kumwezesha afisa kuwatofautisha. Tena mara nyingi wizi huanza polisi wakiwa wamewakimbiza wenye mabango hadi vichochoroni, na barabara kuu wamebaki wahuni wa kukodiwa ambao hakuna anayewagusa.

Mwenyekiti wa IEBC, nakugeukia kidogo, kwa sababu maandamano haya yanakuhusu wewe ilhali yanajibiwa na mtu mwingine. Ofisi yako ilikaa bila mwenyekiti wala makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Wakazi wa eneo bunge la Banissa walimpoteza mbunge wao Machi 2023 wakaishi bila mwakilishi hadi uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025. Watu wana maswali, na kuyauliza si haki yao tu, ni wajibu wao. Siku watakapofika langoni pako na karatasi yao, shuka uipokee kwa mkono wako. Tia muhuri, waambie utawajibu kwa tarehe fulani, na ujibu. Mwaka 2016 makamishna walijifungia ghorofani na kuwaachia polisi mazungumzo. Kama mmoja wao angeshuka na kipaza sauti Jumatatu ya kwanza, nadhani wale wa Siaya na Kisumu wangekuwa hai.

Kwako Afande, sina orodha ndefu. Waagize wakuu wa vituo wawajibu waandalizi kwa maandishi kila wanapopokea taarifa: tumepokea, njia ni hii, afisa wa kuwasiliana naye ni huyu. Siku ya maandamano maafisa wavae majina, wasijifunike nyuso, na magari yawe na nambari za usajili. Mtu asiye na sare asibebe bunduki wala rungu miongoni mwa polisi.

Na kila operesheni iwe na kamanda anayetajwa hadharani kabla haijaanza. Hili ndilo kubwa kwangu, na nitakuambia sababu. Agosti 2017, baada ya matokeo kutangazwa, maafisa waliingia nyumbani kwa watu Kisumu usiku na kumpiga mtoto wa miezi sita hadi akafa. Februari 2019 uchunguzi wa mahakama uliwapata polisi na lawama, wakiwemo makamanda. Kesi ya jinai iliyofuata imekokotwa miaka nenda miaka rudi. Kesi kama hizi huanza kwa swali lile lile la nani alikuwa mtaa gani na nani alimtuma, na maswali hayo yanachukua miaka kwa sababu hayakuandikwa popote siku yenyewe. Polisi wa nchi hii wana vitabu vya kuandika hata kuku aliyeibwa. Mnashindwaje kuandika ni nani aliyetoa amri ya kufyatua risasi?

Tuliofundishwa na IEBC kusimamia vituo huandika majina yetu na kutia sahihi kwenye kila fomu. Nikikosea tarakimu moja, mahakama inajua nilipo, na wakili ananiita kwa jina. Nalipwa posho ya siku chache kwa wajibu huo. Makamanda wako wana mishahara, vyeo na madereva. Kabla ya kampeni za 2027 kuanza, chapisha majina ya watakaoongoza ulinzi wa mikutano na maandamano katika kaunti zote 47, pamoja na nambari za simu za ofisi zao, na peleka nakala IPOA na kwa Chama cha Mawakili.

Nasubiri jibu lako, na ningependa liwe la wazi kama barua hii.

Mwalimu na msimamizi wa kituo cha kupigia kura